Ridi ya obo: ya dukani, ya fundi, ya plastiki, au uichonge mwenyewe?

Ridi ya obo, ala ya muziki ya kupuliza, ni vipande viwili vyembamba vya tete, vilivyofungwa kwa uzi juu ya kibomba cha chuma kilichovikwa gome laini la mti wa koki. Ncha yake, pale inapokutana na midomo, haifiki unene wa milimita 0.1. Ukiipiga mfululizo, huchoka baada ya saa 10 hadi 15 hivi za upigaji. Mwanamuziki wa okestra hufika huko ndani ya wiki moja au mbili, akaitupa na kuchukua nyingine. Wewe unayepiga Jumatano jioni na Jumamosi asubuhi unaweza kukaa na ridi hiyohiyo miezi miwili, na sehemu kubwa ya miezi hiyo ridi haipigwi, inangoja. Inakauka, inajifunga, inaota ukungu ikihifadhiwa vibaya, inabadilika kila hali ya hewa inapobadilika.

Jambo hili halizungumzwi sana, kwa sababu ushauri mwingi kuhusu ridi hutolewa na watu wanaopiga kila siku. Wanayosema ni ya kweli kwa ridi inayofanya kazi. Ya kwako muda mwingi imelala ndani ya boksi. Kwa hiyo ninapolinganisha ridi kwa ajili ya mtu anayepiga kwa mapenzi tu, baada ya kazi na majukumu ya nyumbani, swali ninaloanza nalo ni moja: ridi hii inavumilia vipi kungoja? Uzuri wa sauti nauuliza baadaye, maana ridi yenye sauti tamu siku ya kwanza na isiyotoa noti ya chini wiki ya pili haijakufaa kitu.

Kwanza, mkwanguo

Kabla ya kuchagua ununue wapi, kuna uamuzi mwingine unaotangulia: mkwanguo, yaani namna tete linavyokwanguliwa kwa kisu, uwe mfupi au mrefu.

Ule mfupi hutumika Ulaya na sehemu nyingine nyingi za dunia. Gome la tete huondolewa kuanzia ncha kurudi nyuma kwa milimita 9 hadi 12 hivi, na mpaka wa gome huachwa na umbo la U, V au W. Ule mrefu ni wa Marekani. Kisu hushuka karibu kufika kwenye uzi: kuna ncha nyembamba, nyuma yake moyo ulio mnene kidogo, kisha madirisha mawili marefu yanayotenganishwa na uti wa mgongo katikati. Mtindo huo unahusishwa zaidi na Marcel Tabuteau, Mfaransa aliyekuwa mpigaji mkuu wa obo katika Philadelphia Orchestra kuanzia 1915 hadi 1954 na aliyefundisha katika chuo cha muziki cha Curtis Institute of Music, ambako wanafunzi wake waliubeba kwenda nao kwenye okestra nyingi za nchi hiyo.

Tofauti unaisikia hata kabla ya kuchomeka ridi kwenye obo. Ipulize peke yake, midomo ikiwa kwenye uzi, utapata mlio wa kukwaruza ambao wapigaji huuita kunguru. Ridi ya mkwanguo mrefu iliyokaa sawa hutoa noti ya C katika oktava mbili kwa pamoja. Ridi hiyo hujishikilia yenyewe kwenye toni, na midomo hubaki na kazi ndogo. Ridi ya mkwanguo mfupi huiachia midomo na pumzi kazi kubwa zaidi: unaweza kuipinda noti, kuing'arisha, kuifanya inong'one, ila misuli lazima iwepo.

Na misuli ndiyo hasa inayomkimbia mtu anayepiga mara mbili kwa wiki. Kwa hoja hiyo peke yake ridi ndefu ingeshinda. Hata hivyo ushauri wangu ni kuchukua mkwanguo anaotumia mwalimu wako. Mwalimu anayeweza kupiga ridi yako kwa kinywa chake na kukuambia papo hapo kama kosa liko kwenye ridi au kwako ana thamani kuliko hoja zote za mitindo. Kama huna mwalimu, fuata mkwanguo wa fundi uliye na uhakika wa kumpata tena. Kuruka kutoka mtindo mmoja hadi mwingine kila baada ya miezi michache kunaifanya midomo isijue inajifunza nini.

Ya dukani na ya fundi

Ridi ya kiwandani ina sifa ambayo siidharau: inapatikana. Unaingia dukani, unalipa, unaondoka nayo. Imeandikwa ugumu wake, yaani laini, wastani, ngumu, na madaraja ya katikati. Maandishi hayo yana maana ndani ya kampuni moja tu, kwani wastani ya huyu inaweza kuwa ngumu ya yule. Tena kwa kuwa haikuchongwa kwa ajili ya mtu maalumu, mara nyingi huachwa nene kuliko inavyotakiwa, maana tete likishakwanguliwa halirudi.

Mwanafunzi asiyelijua hilo huing'ang'ania ridi nene kwa midomo iliyokazwa, huchoka baada ya dakika kumi, kisha hujilaumu kwamba hana pumzi. Obo haidai pumzi nyingi. Hewa inayopenya kwenye mwanya wa ridi ni ndogo kiasi kwamba mpigaji hulazimika kwanza kutoa hewa iliyobaki kifuani ndipo avute nyingine. Basi ukijikuta unahema na mashavu yanauma, ikague ridi kabla ya kujikagua mwenyewe. Nimeona watu wenye kipaji wakiacha ala hii nzuri kwa sababu ya kipande cha tete ambacho kisu kingekirekebisha kwa dakika mbili, na jambo hilo linanisikitisha kila ninapolikumbuka.

Fundi mzuri wa ridi atakuuliza maswali kabla hajakuuzia: obo yako ni ya aina gani, kundi lako linapiga A ya Hz 440 au Hz 442, kibomba ulichozoea kina urefu wa milimita 46 au 47, umepiga kwa muda gani. Bei yake iko juu ya ile ya dukani, wakati mwingine mara mbili au zaidi, na huenda ukasubiri zamu yako. Unachokilipia zaidi ya mkono wake ni mfanano. Ridi tatu za fundi mmoja zinakaribiana kiasi kwamba midomo yako haianzi upya kila unapobadilisha. Kwa mtu asiye na saa nyingi za mazoezi hiyo ni faida kubwa kuliko zote, na ndiyo maana naona heri kununua ridi tatu kwa fundi mmoja kuliko sita kutoka maduka sita.

Ridi ya fundi nayo ina upungufu wake. Ilichongwa katika hewa ya alikokuwa fundi. Ikisafiri kutoka kwenye unyevu kwenda kwenye ukavu, au kutoka pwani kwenda nyanda za juu, hufika ikiwa imejifunga au imefunguka mno. Usiihukumu siku ileile. Iloweke, ipige dakika chache, irudishe kwenye boksi, urudie kesho yake. Siku ya tatu ndipo utajua ulinunua nini.

Iwe ya dukani au ya fundi, ipime hivi. Sikiliza kunguru. Kisha piga C ya chini kwa sauti ndogo kadiri uwezavyo: ikichelewa kuitika, au ikaanza kwa kishindo, ncha bado ni nene. Halafu piga E, F kali na G za oktava ya pili mbele ya tyuna, kifaa cha kupimia noti, bila kukaza midomo. Zikishuka na kuyumba, ridi haina mshikilio, na kununua yenye ugumu zaidi hakutaiponya. Mwisho fuata ngazi nzima kwa ulimi, noti fupifupi, usikie kama kila noti inaanza mahali pake.

Plastiki

Kwa miaka mingi ridi za plastiki za obo hazikuwa za kuzungumziwa na mtu makini. Hali imebadilika. Kampuni ya Légère ya Kanada hutengeneza zinazopigwa hata na wanamuziki wa kulipwa, hasa wale wa jukwaa la tamthilia ambao huweka chini ala moja na kuchukua nyingine katikati ya wimbo.

Tukirudi kwenye swali la kungoja, plastiki haina mpinzani. Hailoweshwi. Haikauki. Haijikunji kwa joto la chumba wala haioti ukungu kwa namna tete linavyoota. Ukiiacha wiki tatu kwa sababu ya safari au ugonjwa, utaikuta kama ulivyoiacha. Gharama yake ni sawa na ridi kadhaa za tete, lakini ikitunzwa hudumu muda mrefu kuliko zote hizo zikijumlishwa, kwa hiyo kwenye hesabu ya mwaka haiumizi mfuko kama inavyoonekana siku ya kwanza.

Mbona basi siipendekezi kuwa ridi yako ya kila siku? Sababu ya kwanza ni sikio. Tete zuri lina kina fulani katikati ya sauti ambacho plastiki hukikaribia bila kukifikia, na mtu anayepiga kwa mapenzi anastahili kukisikia kikitoka kwenye pumzi yake mwenyewe. Sababu ya pili ni ya kiufundi na kwangu ndiyo nzito zaidi: huwezi kuichonga. Ikiwa noti zako za chini haziitiki, hakuna pa kugusa. Utaizoea kama ilivyo au utanunua nyingine. Mwanafunzi aliyekulia kwenye plastiki hakosi ridi, ila anakosa kujua kwa nini ridi hufanya inavyofanya, na obo bila ujuzi huo hubaki fumbo.

Ninayemshauri aanze na plastiki bila kusita ni mtoto mdogo anayevunja ncha kila wiki, na mtu mzima ambaye ana hakika hatapata zaidi ya nusu saa kwa wiki. Mtu wa namna hiyo akitumia tete, nusu ya muda wake itaishia kwenye kikombe cha maji.

Kujichongea

Hapa ndipo wengi huvutwa, na naelewa kwa nini. Ni kazi nzuri. Tete lenyewe, Arundo donax, huota sehemu nyingi zenye joto, ila lile linalosifiwa zaidi kwa ridi hutoka mkoa wa Var, kusini mwa Ufaransa. Hukatwa likiwa na umri wa takriban miaka miwili, huanikwa, kisha bomba lake lenye kipenyo cha milimita 10 hadi 10.5 hupasuliwa mara tatu kwa urefu. Kila kipande huchimbwa ndani mpaka kibaki na unene wa karibu milimita 0.6 katikati, hukunjwa, hukatwa umbo, hufungwa kwenye kibomba, ndipo ukwanguaji uanze. Ukwanguaji wenyewe hufanywa kwa siku kadhaa, kwa kuwa tete linahitaji kutulia kati ya hatua na hatua.

Mashine ya kuchimba ndiyo kifaa cha gharama kubwa, lakini si lazima uwe nayo. Matete yaliyokwisha kuchimbwa na kukatwa umbo huuzwa, na hata yaliyokwisha kufungwa kwenye kibomba, ukabaki na kukwangua tu. Anza hapo mwishoni, urudi nyuma hatua kwa hatua kadiri unavyoiva. Utahitaji kisu cha ridi na jiwe la kukinoa, kibati cha kuingiza kati ya vipande viwili wakati wa kukwangua, kishikio cha kuchomeka kibomba, kibao cha kukatia ncha, rula na tyuna. Nitilie mkazo jiwe la kunoa. Kisu butu hakikwangui, kinabana na kurarua, na mtu hudhani mkono wake ni mbaya kumbe makali ndiyo hayapo.

Suala si kama utaweza. Mtu yeyote mwenye subira huweza. Suala ni saa. Ridi zako za mwanzo hazitapigika, na ili zianze kupigika lazima mkono urudi kwenye kisu mara kwa mara. Ukichonga mara moja kwa mwezi, kila mara unaanza upya. Kama una saa tano kwa wiki za obo na uchongaji ukachukua tatu, umekuwa mchongaji anayepiga kidogo. Kuna watu wanaofurahia hivyo kabisa, na hao wasonge mbele. Ila usiingie huko kwa kudhani unapunguza gharama. Vifaa, matete yanayoharibika na vibomba vipya huila akiba hiyo kwa muda mrefu kabla haijaonekana.

Kwa kutazama kando kwa kando:

| Ridi | Inavyongoja | Inarekebishika? | Inakula nini |
|---|---|---|---|
| Ya dukani | Vibaya, hasa ikiwa nene | Ndiyo, na kwa kawaida inahitaji | Fedha kidogo kila mara |
| Ya fundi | Wastani, ikitunzwa | Ndiyo, kidogo tu hutosha | Fedha zaidi, na kusubiri |
| Ya plastiki | Vizuri sana | Hapana | Fedha nyingi kwa mkupuo |
| Ya kujichongea | Kama ya fundi, ukishaiva | Kabisa | Saa zako |

Njia iliyo katikati

Safu ya pili na ya tatu za jedwali hilo ndizo zilizonifikisha kwenye msimamo wangu: nunua kwa fundi, jifunze kurekebisha bila kujifunza kutengeneza, na uwe na plastiki moja ya akiba. Kurekebisha hakuhitaji hata robo ya ujuzi wa kuchonga, na ndiko kunakoiokoa ridi iliyongoja.

Ridi iliyolowekwa ikijifunga, ibane pembeni karibu na uzi kwa kidole gumba na cha shahada, taratibu, mpaka mwanya ufunguke. Ikiwa wazi mno, ibane bapa kwa bapa kwa sekunde chache, na wakati mwingine uiloweke muda mfupi zaidi. Ikiwa nzito, ingiza kibati katikati, kisha kwangua ncha kwa mguso mwepesi, pande zote mbili sawasawa, na uijaribu kila baada ya mikwanguo miwili mitatu. Asiyeamini kisu chake atumie karatasi ya msasa laini sana. Ikiwa nyepesi mno na toni inashuka, kata ncha kwa upana wa unywele, chini ya nusu milimita. Itapanda na kukaza. Kata kidogo kuliko unavyodhani inahitajika.

Kosa linalosahaulika ni kuvuja. Ziba tundu la chini la kibomba kwa kidole, puliza kwa nguvu ridi ikiwa imelowa, uangalie pembeni. Ukiona mapovu kati ya vipande viwili juu ya uzi, zungusha hapo utepe mwembamba mweupe wa mafundi bomba, ule wa teflon. Ridi nyingi zilizotupwa kwa kudhaniwa zimekufa zilikuwa zinavuja tu.

Kuitunza ikiwa imelala

Tumia maji safi, dakika 2 hadi 3, tete likizama mpaka kwenye uzi. Maji ya vuguvugu huifungua zaidi kuliko ya baridi, na hilo lenyewe ni chombo: ridi inayopenda kujifunga ipe vuguvugu. Ukiisahau majini itafunguka kupita kiasi na kuwa ngumu kupuliza. Kabla ya yote, sukutua kinywa. Sukari na mabaki ya chakula hupenya kwenye nyuzinyuzi za tete na kuiua ridi mapema kuliko upigaji wowote.

Ukimaliza, isuuze kwa maji, ikung'ute, ipangusie kati ya vidole bila kuibana, kisha iweke kwenye boksi lenye matundu ya hewa. Kile kichupa cha plastiki ilichokuja nacho ni cha safari ya kutoka dukani. Ukifungia humo ridi yenye unyevu, ukungu utaifikia kabla yako. Tete lililoanza kuwa jeusi au kunuka lichovye dakika chache kwenye haidrojeni peroksaidi ya asilimia 3, ulisuuze sana. Likirudia, litupe. Ya plastiki inataka maji ya vuguvugu na sabuni kidogo tu, kamwe si maji ya moto mkali.

Zungusha ridi tatu: moja ya mazoezi, moja iliyo kwenye ubora wake, moja changa inayofunzwa. Changa ipige dakika 5 hadi 10 tu kwa siku zake za mwanzo. Na hapa kuna jambo linalomfaa hasa anayepiga siku mbili kwa wiki: siku nyingine, hata huna haja ya kufungua sanduku la obo. Loweka ridi hizo, zipulize kunguru kwa dakika chache, zisuuze, zirudishe. Tete lililozoea kulowa na kukauka kwa utaratibu hutulia. Linaloachwa kavu siku sita na kushtuliwa siku ya saba huweza kupasuka ncha. Andika tarehe ya kuanza ya kila ridi kwenye karatasi ndani ya kifuniko cha boksi, kwa sababu ridi huchoka polepole na mpigaji huchoka nayo bila kujua, akidhani ni yeye aliyerudi nyuma.

Kama una onyesho, usiingie na ridi mpya kabisa hata kama jana yake ilisikika vizuri nyumbani. Ukumbi wenye watu wengi una joto na unyevu wake. Chukua iliyokwisha kupigwa muda wa saa 3 au 4 kwa jumla, ya pili iwe imelowekwa tayari kando ya kiti, na ya plastiki iwe mfukoni ndani ya kiboksi chake, endapo ncha itagonga jino wakati wa kugeuza ukurasa.